Salamu za Barabarani

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu huenda kwanza kwenye ngoma, vinyago, hadithi za wazee na mavazi ya sherehe. Hayo yote ni mali yetu, na Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alitaka mali hiyo isipotee. Lakini utamaduni haukai ngomani peke yake. Hukaa pia katika mambo madogo ambayo mtu huyafanya kila siku bila kuyafikiria: jinsi anavyopokea kikombe cha maji, jinsi anavyompisha mzee njiani, na jinsi anavyoamkia. Katika insha hii nataka kueleza jambo moja dogo la namna hiyo, nalo ni adabu ya kusalimiana kwa watu waendeshao pikipiki. Adabu hii sikuisoma kitabuni. Niliipata kwa kukosea mara mbili, na makosa yote mawili nitayaeleza bila kuyapamba.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu kijana katika Mkoa wa Iringa, nikapewa kazi ya kuratibu elimu katika kata moja iliyo mbali kidogo na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Shule zangu zilikuwa sita, zimetawanyika vilimani. Mwaka wa kwanza nilizizungukia kwa miguu. Mwaka wa pili nilikabidhiwa pikipiki kuukuu, ambayo wazee wa huko waliiita tukutuku kwa ajili ya mlio wake. Siku zile mafuta yalikuwa ya shida sana, kwani nchi ilikuwa bado haijapata nafuu tangu vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa hiyo wenye pikipiki walikuwa wachache na walijulikana kwa majina: bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya, padre wa misheni, katibu tarafa, na sasa mimi.

Yafaa msomaji afahamu jinsi watu wa nyanda zile wanavyosalimiana. Wahehe husema “Kamwene”, na aliyesalimiwa huitikia “Kamwene”. Lakini neno hilo ni kama kupiga hodi tu. Baada yake watu huulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za shamba, na kila swali hujibiwa kwa utulivu. Nilipokuwa nikienda kwa miguu, safari ya saa mbili ilichukua saa tatu, na ile saa moja ya ziada ilikuwa ya salamu. Pikipiki iliifanya safari hiyo kuwa ya dakika ishirini. Nilifurahi sana. Sikujiuliza dakika nilizoziokoa nilikuwa nimezichukua kwa nani.

Jibu nililipata mwezi wa Septemba. Wakati huo wa mwaka barabara zetu za udongo hukauka zikawa unga, na chombo kikipita mbio huacha nyuma yake wingu jekundu ambalo halitui upesi. Tulikuwa tumeitisha mkutano wa wazazi katika kijiji kimoja ili tujenge darasa kwa nguvu za wananchi. Tangu ulipoanza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, watoto walikuwa wameongezeka kupita vyumba, na madarasa mawili yalisomea chini ya mti. Nilieleza haja hiyo kwa ufasaha wote niliokuwa nao. Nilipomaliza, pakawa kimya. Niliuliza nani angeanza kufyatua matofali. Hakuna aliyeinua mkono. Ndipo bibi mmoja, ambaye nilikuwa nimempita mara nyingi njiani akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akasimama akasema, “Huyu mwalimu sisi hatumjui. Tunalijua vumbi lake.”

Watu walicheka kwa sauti ya chini. Baadaye mwenyekiti wa kijiji alinisindikiza, akanieleza kwa upole kwamba nilipokuwa nikienda kwa miguu kila nyumba ilikuwa na habari yangu. Walijua natoka wapi na mama yangu anaumwa nini. Tangu nilipopata chombo nilikuwa nimegeuka mlio unaopita. Matofali yalichomwa hatimaye, lakini yalichelewa mwezi mzima, na mvua zikatukuta ukuta haujafika madirishani. Mwaka ule watoto wa madarasa yale mawili walirudi chini ya mti, na mvua iliponyesha walikwenda nyumbani. Sitaki kusema kwamba kosa lote lilikuwa la salamu. Lakini ninajua kwamba mwezi mmoja ulipotea, na ninajua ulivyopotea.

Niliazimia kujirekebisha, ndipo nikagundua ugumu ambao sikuutarajia. Karibu pote katika nchi yetu, bara na pwani, mkono wa kulia ndio mkono wa heshima. Kwa huo tunakula, tunapokea, tunatoa na tunapunga. Mtoto anayetoa kitu kwa mkono wa kushoto hurudishwa akakitoe upya. Sasa pikipiki imeundwa hivi: mshikio wa kulia ndio unaoongeza na kupunguza mafuta, na breki ya mbele iko hapohapo kwenye vidole. Mkono wa kushoto una klachi, nao unaweza kuachia kwa kitambo bila hatari kubwa. Lakini wa kulia ukiuachia, injini hulegea, chombo huyumba, na breki huwa mbali. Kwa hiyo mashine imeushika mkono wetu wa salamu na kutuachia ule mwingine. Siku ya kwanza nilijaribu kumpungia mzee mmoja kwa mkono wa kushoto. Hakukasirika. Aliutazama ule mkono kwa huruma, kama mtu anayetazama kilema, kisha akaniitikia kwa kuinua wake wa kulia.

Tatizo hili si la kwetu tu, ingawa wengine hawalioni kuwa ni tatizo. Katika Ufaransa na nchi jirani zake, ambako vyombo hupita upande wa kulia wa barabara, waendesha pikipiki husalimiana kwa kushusha mkono wa kushoto na kunyosha vidole viwili; mkono huo ndio ulio karibu na yule anayekuja, na kwao hauna aibu. Akitaka kumshukuru dereva aliyempisha, mwendesha pikipiki wa huko hunyosha mguu wa kulia, kwa kuwa mkono umeshughulika. Katika Uingereza, ambako vyombo hupita kushoto kama kwetu, salamu iliyozoeleka ni kuinamisha kichwa. Ndiyo iliyotufaa na sisi, tena si kwa kuiga. Kuinamisha kichwa mbele ya mtu ni jambo ambalo wazee wetu walilijua kabla ya injini kuletwa. Nikaanza kufanya hivyo: nikimwona mtu kwa mbali napunguza mwendo mpaka vumbi linatua, nikifika karibu nainamisha kichwa na kutamka salamu, na nikiwa na nafasi nasimama, nazima injini, na kuuachilia mkono wa kulia ufanye kazi yake.

Wenzangu wenye pikipiki nao tulikuwa na desturi yetu. Tulipokutana njiani kila mmoja aliinamisha kichwa. Desturi hii haikuwa ya majivuno, bali ilikuwa na manufaa yake. Wakati huo hakukuwa na simu mfukoni. Ukiharibikiwa kati ya vijiji viwili, tumaini lako lilikuwa mtu aliyekuona mara ya mwisho. Jioni mke wa bwana shamba aliweza kuja kuniuliza, “Mwalimu, umempita mwenzako wapi?” nami nikajibu, “Tumesalimiana saa nane kwenye daraja, alikuwa akielekea bondeni.” Basi tukajua pa kumtafuta. Mara mbili nilitafutwa kwa njia hiyo, mara moja kwa pancha na mara moja kwa plagi iliyokufa, na mara moja mimi nilimtafuta mwingine nikamkuta ameketi kando ya chombo chake bila tone la mafuta. Tulinyonya mafuta kwangu kwa mpira tukagawana. Kichwa kinachoinama asubuhi kilikuwa ahadi ya jioni.

Kosa langu la pili lilitokea mwezi wa Juni mwaka 1985, katika barabara kuu baina ya Mafinga na Ifunda. Nyanda zile ziko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe ukungu wa asubuhi hushuka mzito hata mtu asione mti ulio hatua chache mbele. Nilikuwa nikirudi nyumbani, taa imewashwa, nimejikunja kwa baridi. Nikaona taa moja ikija kutoka upande wa pili. Mwenye chombo kile alizima na kuwasha taa yake mara mbili. Nilidhani ananisalimu. Nami, kwa furaha ya kupata mwenzangu katika ukungu, nikazima na kuwasha yangu mara mbili, nikainamisha kichwa, nikaongeza mafuta.

Kwenye kona iliyofuata palikuwa na lori lililobeba magogo, limeharibika katikati ya njia. Utingo wake alikuwa ameweka matawi ya miti barabarani, kama ilivyo desturi ya madereva wa nchi hii kumwonya ajaye nyuma. Lakini matawi yaliyoloa hayaonekani vema juu ya lami iliyoloa, na nilipoyaona nilikuwa nimekwisha kuyafikia. Nilikwepa upande wa kushoto, nikaingia mtaroni pamoja na pikipiki. Goti lilipasuka na kifundo cha mkono kikateguka. Nikiwa bado chini nilisikia mlio wa injini ukirudi. Yule mtu alikuwa amegeuza chombo chake. Alisimama, akateremka, akavua kofia ngumu, nami nikaona kichwa cheupe kwa mvi. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mzee aliyeweza kuwa baba yangu. Nikasema, “Shikamoo, baba.” Naamini hiyo ndiyo shikamoo pekee niliyopata kuitoa nikiwa nimelala chali.

“Marahaba, mwanangu,” akaitikia, akanishika kwapani na kuniinua. Kisha akasema, “Nilikuona unanijibu, nikajua hukunielewa. Mimi sikuwa nakuamkia; nilikuwa nakuonya.”

Tuliketi ukingoni mwa mtaro mpaka mkono ulipotulia, naye akanifundisha. Alisema kichwa ni cha salamu, taa ni ya hatari, na honi ni ya kuomba njia. Ukivichanganya, siku moja mtu atakuonya nawe utamshukuru huku ukienda kufa. Nilimwomba radhi kwa kumwitikia kana kwamba ni kijana mwenzangu. Akacheka. Alisema ndani ya kofia ile hakuna mzee wala kijana, hakuna mkubwa wala mdogo wa cheo; zinaonekana nguo na taa tu. Nikamwuliza, basi, ikiwa kwa desturi zetu mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, nani aanze wakati umri umefichwa? Akanijibu, “Kila mmoja ajihesabu mdogo, aanze.”

Maneno hayo nimekaa nayo muda mrefu, na kadiri nilivyoyatafakari ndivyo nilivyoona kwamba yanahusu zaidi ya wenye pikipiki. Katika madrasa za pwani watoto hufundishwa kwamba, kwa mafundisho ya Mtume Muhammad, aliyepanda kipando ndiye anayepaswa kumwanza kwa salamu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu amwanze aliyeketi. Mafundisho hayo ni ya zama za farasi na ngamia, lakini maana yake haijachakaa. Aliyepanda yuko juu, ana nguvu, ana mwendo. Anaweza kupita bila kuumia, na yule wa chini hawezi kumzuia. Kwa sababu hiyohiyo deni la salamu ni lake. Yule bibi mwenye kuni alikuwa mkubwa wangu kwa umri, na kwa hilo peke yake nilipaswa kumwamkia. Lakini hata angalikuwa mtoto wa darasa la kwanza, bado ningepaswa kuanza, maana mimi ndimi niliyekuwa na vumbi. Barabarani, mwenye mwendo ajihesabu mdogo.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya salamu yetu na ile alama ya vidole viwili ya Ulaya. Ile ni alama njema ya watu wa chombo kimoja wanaotambuana; mwenye gari haihusiki naye, wala mwenda kwa miguu. Kwetu sisi salamu ya wenye pikipiki haiwezi kuishia kwa wenye pikipiki. Ikiishia hapo, itakuwa imegeuka kuwa salamu ya chama, na jamii itabaki pembeni ikifuta macho. Mtu anayemwinamishia kichwa mwendeshaji mwenzake kisha akamrushia tope mama mwenye mtoto mgongoni hajamsalimu mtu yeyote siku hiyo.

Mambo yamebadilika sana tangu siku zile. Pikipiki si chombo cha bwana shamba na padre peke yao tena. Zimekuja bodaboda, jina lililozaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako zamani waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Katika Tanzania kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo, na leo vijana wengi hupata riziki kwa kazi hiyo. Mmoja wao ni mjukuu wa dada yangu, aliye na kijiwe mjini Mafinga. Siku moja nilimpa somo hili la salamu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, “Babu, kwa siku napishana na pikipiki mia. Nikiwainamishia wote kichwa, barabara nitaiangalia saa ngapi?”

Swali lake ni la haki, na sikuona aibu kulifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kulijibu. Ni kweli kwamba salamu ya vijijini haiwezi kuhamishiwa mjini kama ilivyo. Hata zamani, mtu aliyeingia sokoni hakusalimiana na kila muuzaji. Aliamkia kwa jumla, kisha akawa mpole katika mapito yake. Tena salamu inayomtoa dereva macho barabarani ni kosa, na mwenye abiria nyuma yake amebeba amana ambayo hana ruhusa ya kuicheza. Basi nilimwambia hivi: mjini, salamu yako ni mwendo wako. Ukipunguza mwendo penye dimbwi, umemsalimu aliyevaa nguo ya kazi. Ukisimama mbele ya kivuko cha milia, umewasalimu wanafunzi. Usipopiga honi mlangoni mwa hospitali, umewaamkia wagonjwa wote kwa mara moja. Na ukitoka nje ya mji, penye njia tupu na mtu mmoja anayekuja, hapo kichwa kina nafasi ya kuinama.

Kisha nilimwuliza yeye swali langu: mwenzao akianguka, hufanyaje? Alishangaa kwamba niliuliza. Alisema wote husimama. Aliye karibu humwinua, mwingine huwapigia simu jamaa zake, mwingine hukiangalia chombo kisiibiwe, na jioni kijiwe huchanga. Alipokuwa akieleza nilimkumbuka yule fundi aliyegeuza chombo chake katika ukungu. Vijana hawa husemwa vibaya mara nyingi, na baadhi yao hustahili, maana wapo wasiovaa kofia ngumu na wasioijali sheria. Lakini mzizi wa desturi uko hai kwao. Kinachotakiwa ni kuutoa nje ya kijiwe, ili usimame kwa ajili ya kila aliye njiani.

Kwenu walimu, ninapendekeza jambo jepesi. Tunapowafundisha wanafunzi alama za barabarani na kanuni za Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, tuwafundishe pamoja nazo kwamba barabara ni mahali pa watu, kama baraza au kisima. Sheria humwambia dereva asimgonge mwenzake. Adabu humwambia amwone. Wengi wa wavulana walio madarasani leo, na wasichana pia, wataendesha vyombo vya moto kabla ya kufika umri wa miaka ishirini na mitano. Wakikumbuka kwamba mwenye mwendo ndiye mwenye deni, watakuwa wamejua nusu ya udereva kabla ya kushika usukani. Wahenga walisema heshima si utumwa, na kujihesabu mdogo hakumpunguzii mtu kimo.

Mimi mwenyewe nimestaafu, na goti lile lililopasuka limeniacha na mkongojo. Kila asubuhi naenda kwa miguu kununua maziwa, kilometa moja ya barabara ya udongo. Pikipiki hunipita nyingi, na nyingine huniacha nikipangusa miwani. Lakini yuko kijana mmoja, ambaye sura yake siijui kwa sababu ya kofia. Nikiwa bado na mgongo wangu kwake nasikia injini ikishuka gia, kisha ikishuka tena, na vumbi haliji. Anapofika ubavuni mwangu anainamisha kichwa. Nami, kwa kuwa mkono wangu wa kulia hauna kazi nyingine, nauinua.